Kwa nini Mississippi, iliyotoa maseneta weusi wa kwanza Marekani, haijampata wa tatu tangu 1881?

#1 Msomi wa Ngamiani

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naleta mada ya historia ya siasa za Marekani, na naomba tuijadili kwa hoja.

Jimbo la Mississippi lilijiunga na Marekani tarehe 10 Desemba 1817, na kama majimbo yote, makubwa kwa madogo, lina viti viwili tu katika Seneti. Mwaka 1870 bunge la jimbo hilo lilimpeleka Washington Hiram Revels, mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya nchi ile. Mwaka 1874 bunge hilohilo likamchagua Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia, naye akatumikia muhula mzima wa miaka sita, kuanzia 1875 hadi 1881. Baada ya Bruce, hakuna. Hao wawili ndio watu weusi pekee walioketi katika Seneti kwa karne yote ya 19, na wote walitumwa na jimbo moja, ambalo hadi leo lina sehemu kubwa ya wakazi weusi kuliko jimbo lolote jingine: takriban 37 katika kila 100. Illinois imeshatoa watatu. South Carolina na Georgia, ambazo nazo zilipigania utumwa, zimeshatoa.

Dai langu ni kwamba sababu ni moja, nayo ni katiba ya jimbo ya mwaka 1890. Mengine yote ni matawi ya shina hilo. Anayepinga aseme.

#2 Jua la Utosi

Mada nzuri, mkuu. Kabla ya kuingia kwenye sababu, tusisahau jinsi Revels alivyopokelewa. Seneta Garrett Davis wa Kentucky na wenzake walisimama kupinga asiapishwe. Hoja yao ilikuwa kwamba seneta lazima awe raia kwa miaka tisa, na kwa kuwa Mahakama Kuu ilikuwa imeamua katika kesi ya Dred Scott ya 1857 kwamba mtu mweusi si raia, basi uraia wa Revels ungehesabiwa kuanzia sheria ya 1866 tu. Yaani mtu aliyezaliwa huru North Carolina mwaka 1827 alitakiwa aonekane kama mgeni aliyeshuka melini juzi. Seneti ilipiga kura tarehe 25 Februari 1870, kura 48 dhidi ya 8, akaapishwa siku hiyohiyo. Na alikalia kiti kilekile alichokiacha Jefferson Davis alipokwenda kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyoasi. Historia inajua kulipa.

#3 Mwalimu Mstaafu

Jua la Utosi, hilo la kiti limeandikwa mahali pengi, lakini ukifuata mfuatano wa viti utaona si sahihi. Mwaka 1861 Mississippi ilikuwa na maseneta wawili waliojiondoa, Jefferson Davis na Albert Brown. Viti vyote viwili vilikaa wazi hadi 1870. Revels alichukua cha Brown. Kile cha Davis kilikwenda kwa Adelbert Ames, jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mzaliwa wa Maine. Alipochaguliwa kuwa gavana kikakaliwa kwa muda mfupi na Henry Pease, na mwaka 1875 kikamfikia Blanche Bruce. Kwa hiyo aliyekaa katika kiti cha Davis ni Bruce, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, na kwa maoni yangu hilo ni zito zaidi kuliko hadithi iliyozoeleka. Kosa lilienea mapema, maana mchoraji Thomas Nast alichora katika gazeti la Harper's Weekly, mwaka uleule wa 1870, Davis akimtazama kwa uchungu Revels akiwa ameketi mahali pake, na picha ikawaingia watu kuliko orodha.

Sasa kwa mleta mada. Muhula wa Bruce uliisha Machi 1881. Katiba unayoilaumu ni ya 1890. Sababu haiwezi kuja miaka tisa baada ya tukio.

#4 Nahodha Mkavu

Mwalimu amenitangulia. Jibu ni mwaka 1875, si 1890.

Wakati ule maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, kwa hiyo aliyetaka viti vya Seneti alihitaji kuliteka bunge tu. Wademokrati wa Mississippi walifanya hivyo kwa bunduki. Desemba 1874 watu weusi waliuawa Vicksburg. Septemba 1875 mkutano wa kisiasa mjini Clinton uligeuka mauaji yaliyosambaa vijijini kwa siku kadhaa. Gavana Ames, ambaye ndiye huyohuyo seneta aliyetajwa hapo juu, alimwomba Rais Grant askari, na serikali ya Washington ikakataa. Novemba uchaguzi ukafanyika chini ya vitisho, Warepublikan, chama cha Revels na Bruce, wakapoteza bunge, na Januari 1876 bunge jipya likamchagua Lucius Lamar kwenda Seneti. Machi mwaka huo Ames akajiuzulu ili asishtakiwe na bunge hilo.

Bruce alikuwa bado Washington, ana miaka mitano mbele yake, lakini bunge ambalo lingeweza kumrudisha halikuwepo tena. Alisimama katika Seneti akadai uchunguzi wa uchaguzi ule. Uchunguzi ukafanyika, taarifa ikaandikwa, mambo yakabaki vilevile. Mbinu hiyo ilipata hata jina, Mpango wa Mississippi, na majimbo mengine ya Kusini yakaiga.

#5 Binti Makorora

Naomba kuuliza. Kwa hiyo wananchi wa kawaida hawakumpigia kura Revels wala Bruce? Nilidhani seneta huchaguliwa na watu.

#6 Mtu wa Kisauni

Dada Binti Makorora, kuchaguliwa na wananchi kumekuja na badiliko la 17 la katiba ya Marekani, mwaka 1913. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya mabunge ya majimbo, na mabunge hayo yalikuwa na vituko vyake. Seneta McLaurin wa Mississippi alipofariki mwishoni mwa 1909, wabunge Wademokrati walijifungia faraghani kwa wiki kadhaa, wakapiga kura mara 58, mpaka LeRoy Percy akamshinda James Vardaman kwa 87 dhidi ya 82. Theodore Bilbo, aliyekuwa mmoja wa wabunge hao, akatangaza kwamba alikuwa amepewa dola 645 ili ampe Percy kura yake. Mwaka 1911 Vardaman alikwenda kwa wapiga kura wa mchujo wa chama akamwangusha Percy vibaya. Lakini mchujo huo ulikuwa wa watu weupe peke yao, na Vardaman alikuwa mbaguzi aliyejitangaza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hapo ndipo nina maelezo yangu. Utaratibu wa zamani, pamoja na uchafu wake, ulimpa mtu mweusi nafasi kwa sababu wabunge walitoka katika maeneo, na maeneo mengine yalikuwa na watu weusi wengi. Ukishafanya jimbo zima kuwa eneo moja la uchaguzi, walio wachache kidogo hushindwa kila mara. Sisi Kenya tuna maseneta 47 wa kaunti wanaochaguliwa moja kwa moja, lakini katiba ya 2010 iliweka pia viti vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa kujua kwamba kura ya moja kwa moja peke yake huacha watu nje.

#7 Nahodha Mkavu

Mtu wa Kisauni, hoja yako inavutia lakini ina tundu. Mwaka 1913 watu weusi walikuwa bado wengi Mississippi. Sensa ya 1890 iliwaonyesha zaidi ya nusu kwa mbali, na waliendelea kuwa wengi kwa miongo kadhaa. Kama kura ingekuwa huru, uchaguzi wa jimbo zima ungewafaa wao. Na tukirudi Kenya, mkuu, tutafungua uzi wa pili.

#8 Msomi wa Ngamiani

Nahodha umenisaidia bila kupenda. Kwa nini kura haikuwa huru wakati walikuwa wengi? Kwa sababu ya 1890. Bunduki za 1875 ziliwaondoa watu siku ya uchaguzi mmoja. Katiba iliwaondoa kwa miaka 75.

Mtazameni aliyeiongoza kazi hiyo. Bruce alipoondoka 1881, kiti chake kilichukuliwa na James Z. George. Ni seneta George huyo aliyerudi nyumbani kushiriki mkutano wa katiba akiwa miongoni mwa wasanifu wakuu. Wajumbe walikuwa 134, mweusi mmoja tu, Isaiah Montgomery wa Mound Bayou, ambaye kwa masikitiko ya wengi aliunga mkono. Waliweka kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mpiga kura, wakaweka sharti la kusoma kifungu chochote cha katiba au kukieleza kikisomwa, na mwenye kuamua kama umeeleza vizuri alikuwa karani mweupe. Vifungu hivyo vya kura havikutaja rangi popote, na kwa sababu hiyo Mahakama Kuu ilivipitisha katika kesi ya Williams mwaka 1898. Seneta aliyemrithi mtu mweusi ndiye aliyehakikisha hatatokea mwingine. Mnataka ushahidi gani zaidi?

#9 Mpemba wa Jackson

Nawasalimu kutoka Jackson, mji mkuu wa jimbo lenyewe. Naongeza jambo ambalo wengi hamlioni mkiwa mbali. Kila jimbo la Marekani lina haki ya kuweka sanamu mbili za watu wake katika jengo la Bunge mjini Washington. Mississippi iliziweka zake mwaka 1931: Jefferson Davis na James Z. George. Wote wawili walikuwa maseneta, na wote wawili katika kiti kilekile alichokaa Bruce katikati yao. Bado wako pale. Watu hapa wamekuwa wakiomba zibadilishwe, na kila ninapolisikia jambo hilo moyo huniuma, kwa sababu watoto wangu wamezaliwa hapa na ndiyo historia yao.

Nilipopata uraia, uchaguzi wa Seneti wa 2018 ulikuwa miongoni mwa ule wa kwanza niliopigia kura. Thad Cochran alikuwa amejiuzulu kwa afya, gavana akamteua Mrepublikan Cindy Hyde-Smith, mwanamke wa kwanza kuliwakilisha jimbo hili katika Bunge la Marekani, na mpinzani wake katika duru ya pili alikuwa Mdemokrati Mike Espy, ambaye mwaka 1986 alikuwa mtu mweusi wa kwanza tangu kipindi kile cha baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuchaguliwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka hapa. Espy alipata takriban kura 46 katika kila 100. Mimi naishi katika mtaa wa watu weusi na kazini nipo na weupe. Mitaani kwetu kila niliyemuuliza alikuwa na Espy. Kazini, niliowafahamu vizuri walikuwa na Hyde-Smith, hata wale waliokiri kwamba Espy ni mtu mwenye uwezo. Kodi ya kichwa imekufa zamani, Msomi. Kinachobaki ni kwamba hapa rangi na chama vimeshonwa pamoja.

#10 Kipanga wa Usambara

Nimesoma bandiko #1 hadi #9 na naona mmesahau hesabu ya viti. Kiti cha Bruce, tangu 1947, kimekaliwa na watu watatu: John Stennis, Trent Lott na Roger Wicker. Kile cha Revels, tangu 1943, watatu pia: James Eastland, Thad Cochran na Hyde-Smith. Watu sita kwa zaidi ya miaka 75! Mtu mweusi atapita wapi ikiwa mlango hufunguliwa mara moja katika kizazi?

Tena mlango wenyewe hufunguliwa kwa uteuzi. Wicker aliteuliwa na gavana Lott alipojiuzulu mwaka 2007, Hyde-Smith vilevile 2018, na Eastland alijiuzulu siku chache kabla ya muhula kwisha mwaka 1978 ili Cochran, aliyekwisha kuchaguliwa, aapishwe mapema na kuwatangulia wenzake kwa ukongwe. Katika Seneti ukongwe ndio mali. Stennis aliongoza kamati ya majeshi kuanzia 1969 hadi 1981. Wicker anaiongoza sasa. Viwanda vya meli za kivita vya Pascagoula, kituo cha kujaribia injini za roketi chenye jina la Stennis, hayo yote ni matunda ya kukaa muda mrefu. Mpiga kura anajua akimwondoa mzee, jimbo maskini linarudi nyuma ya foleni.

#11 Fundi Mnazi

Kipanga, unahesabu matunda ya nani? Eastland aliongoza kamati ya sheria kuanzia 1956 hadi 1978, na miswada ya haki za raia iliyopelekwa huko ilizikwa huko. Mwaka 1964, akiwa kileleni, watu weusi waliojiandikisha kupiga kura Mississippi hawakufika 7 katika kila 100 waliostahili. Baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 wakafika karibu 60 ndani ya miaka miwili. Unaona ni nani aliyekuwa akimweka pale.

Na kabla yake alikuwepo Bilbo, huyohuyo wa dola 645, aliyefika Seneti mwaka 1935. Alipeleka muswada wa kuwahamishia Wamarekani weusi Afrika. Mwaka 1946 aliwahimiza weupe hadharani wawazuie weusi wasifike kituoni. Watu weusi, wengi wao askari waliokuwa wamerudi kutoka vita vya dunia, walijitokeza Jackson kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, mchana kweupe, katika jimbo ambalo kufanya hivyo kungeweza kumgharimu mtu roho yake. Januari 1947 Seneti ikasita kumwapisha. Akafa Agosti kwa saratani kabla shauri halijaamuliwa. Stennis akaingia kwa uchaguzi mdogo. Hao mashahidi nawaheshimu kuliko maseneta wote sita wa Kipanga.

#12 Bi Mkubwa wa Ilala

Wanangu, mmeacha treni. Kuanzia vita vya kwanza vya dunia watu weusi wa Mississippi walipanda reli ya Illinois Central wakaenda Chicago kwa maelfu mengi, na kufikia sensa ya 1940 weupe walikuwa ndio wengi katika jimbo. Walipopata kura huru mwaka 1965, wingi ulikuwa umekwisha ondoka. Sasa angalieni Illinois: Carol Moseley Braun 1993, Barack Obama 2005, Roland Burris 2009. Upande wa kusini wa Chicago, uliowabeba, umejaa watoto na wajukuu wa watu wa Mississippi. Kwa hiyo mimi nasema seneta wa tatu wa Mississippi ameshapatikana, ila alichaguliwa Illinois.

#13 Mtu wa Kisauni

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa Obama, ndugu zetu wa Kogelo wana dai la zamani zaidi, tafadhali usiwanyang'anye.

#14 Mwalimu Mstaafu

Hoja ya Bi Mkubwa ni nzuri, lakini haielezi yote, kwa maana sehemu iliyobaki si ndogo. Mwaka 1978 Charles Evers, kaka wa Medgar Evers, mpigania haki za weusi aliyeuawa 1963, aligombea Seneti kama mgombea huru. Alipata takriban kura 23 katika kila 100, Mdemokrati Maurice Dantin akapata 32, na Cochran akashinda kwa 45, Mrepublikan wa kwanza kushinda wadhifa unaopigiwa kura na jimbo zima tangu enzi za Bruce. Wengine walimlaumu Evers kwa kugawa kura. Mimi naona alionyesha kwamba Wademokrati walizitaka kura za weusi bila kuwa tayari kumsimamisha mweusi.

Na mwaka 2014 ikawa kinyume: Cochran, mzee, alipobanwa na Chris McDaniel katika marudio ya mchujo, wapiga kura weusi wengi walivuka upande wakamwokoa. Kwa hiyo kura yao ina nguvu ya kuamua ni mweupe yupi aende Washington. Hapo hoja ya Kipanga kuhusu ukongwe ina ukweli, kwani Cochran alikuwa ameleta fedha nyingi na watu walilijua hilo.

#15 Jua la Utosi

Na ile sheria ya 1890 iliyodai mgombea ashinde kura za jimbo na pia maeneo mengi ya bunge, je? Si hiyo inayomzuia mweusi asiwe seneta?

#16 Mpemba wa Jackson

Hapana, ndugu. Hiyo ilihusu gavana na maafisa wengine wa jimbo, haikugusa Seneti ya Marekani, na wapiga kura tuliifuta Novemba 2020. Ila kipo kifungu kingine cha katiba ileile kinachogusa: mtu akitiwa hatiani kwa baadhi ya makosa, wizi ukiwamo, hunyang'anywa kura maisha yake yote, na kuirudisha ni lazima apate msamaha wa gavana au bunge limpitishie muswada wake binafsi. Yupo mzee wa kanisani kwetu aliyeiba akiwa kijana, sasa ana wajukuu, na hajapiga kura tangu hapo. Kwa hilo Msomi ana haki: 1890 haijafa yote.

#17 Kipanga wa Usambara

Bado mnaniambia Georgia ilimpata Raphael Warnock na South Carolina ikampata Tim Scott, ilhali nazo zilikuwa na katiba za ubaguzi, bunduki na treni za kwenda Kaskazini. Scott aliingia kwa nini? Uteuzi wa gavana, tena wa Republican. Warnock? Atlanta, jiji linalokua na kuvuta watu. Mississippi haina jiji kama hilo, na magavana wake wawili waliopata nafasi ya kuteua hawakumteua mweusi.

#18 Fundi Mnazi

Kabla hatujafika Atlanta, kuna jambo la Revels ambalo hakuna aliyeligusa. Alikaa Seneti mwaka mmoja tu, akarudi kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Alcorn, na baada ya uchaguzi wa Novemba 1875, ule wa damu aliousimulia Nahodha, alimwandikia Rais Grant barua akiwalaumu viongozi wa chama chake mwenyewe, si Wademokrati. Yeye alidai kwamba watu weusi walikuwa wametumiwa na wanasiasa wabovu wakachoka. Kama seneta mweusi wa kwanza mwenyewe aliyaona matokeo yale hivyo, je, maelezo ya bunduki yanatosha?

#19 Nahodha Mkavu

Yanatosha, Fundi. Revels alikuwa amefukuzwa ukuu wa chuo na Ames mwaka 1874, na Wademokrati waliposhika jimbo akarudishwa mwaka 1876. Soma barua hiyo ukiwa na tarehe hizo mkononi. Kisha soma ushahidi ambao kamati ya Seneti iliukusanya mwaka 1876, kwa wakulima waliolala msituni usiku wa kuamkia uchaguzi, halafu uniambie ni nani kati yao alichoshwa na wanasiasa wabovu.

#20 Fundi Mnazi

Tarehe nazikubali. Lakini mtu anaweza kuwa na kinyongo na bado akawa anasema alichokiona. Bruce naye, siku ya kuapishwa, seneta mwenzake wa jimbo na wa chama kimoja, James Alcorn, aligoma kumsindikiza mbele kama desturi inavyotaka, na Roscoe Conkling wa New York ndiye aliyenyanyuka kumshika mkono. Chama kile kilikuwa na ufa ndani kabla ya bunduki ya Clinton kulia. Nani aliupanua, hilo ndilo nataka Msomi anijibu, kwa sababu halimo katika katiba yake ya 1890.